Ubingwa Haurithiwi kwa Damu

(Hotuba iliyotolewa kwa wazazi na vijana kwenye hafla ya jumuiya yetu hapa Uingereza ya kuadhimisha Uhuru, tarehe 9 Desemba. Inachapishwa kwa ombi la wazazi waliohudhuria.)



  Watoto, hamjambo? Nimewasikia. Ila wale waliokaa karibu na meza ya sambusa sauti zao zilikuwa ndogo, nadhani midomo ilikuwa na kazi nyingine.

Kamati imenipa dakika kumi na tano nizungumze juu ya vijana wetu na michezo. Najua wengi mlitegemea nitazungumzia soka. Lakini nikitaja Simba na Yanga humu ndani tutagawanyika kabla pilau haijaiva. Kwa hiyo nimechagua mchezo ambao hauna mashabiki wa kugombana katika ukumbi huu: skwoshi. Nina sababu mbili. Ya kwanza, kila mwanzoni mwa Januari, hapa hapa Uingereza, hufanyika mashindano ya vijana yanayoitwa British Junior Open. Wanakuja watoto kutoka Misri, Malaysia, India, Pakistan, Marekani na kwingineko, wengine wakiwa chini ya miaka 13. Miaka ya karibuni yamefanyika Birmingham. Mtoto wako akiwa likizo anaangalia simu kitandani, watoto wenzake wamevuka bahari kuja kucheza mlangoni kwetu.

Sababu ya pili ni kwamba historia ya mabingwa wa mchezo huu inatufundisha jambo moja sisi tunaolea watoto mbali na nyumbani. Nitalisema mwanzo, halafu nilithibitishe: ubingwa haurithiwi kwa damu. Unakabidhiwa kwa mkono. Mkubwa asiporudi uwanjani kumkabidhi mdogo, urithi unakatika hata kama damu ni ile ile.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, niueleze kidogo. Skwoshi huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne. Wachezaji wawili wanasimama pamoja, hakuna wavu katikati, na kila mmoja kwa zamu yake anaupiga mpira kwenye ukuta wa mbele. Mpira ukidunda chini mara mbili kabla hujaupiga, pointi imekwenda. Anayefika pointi 11, akiwa amemzidi mwenzake kwa mbili, anachukua seti hiyo, na anayechukua seti tatu ameshinda mechi. Mpira wenyewe ni wa raba, mdogo, na ukiwa wa baridi haudundi. Ukiuangusha sakafuni unalala kama embe lililoiva. Ndiyo maana kabla ya mechi wachezaji wanaupiga na kuupiga tena mpaka upate moto. Watoto, mpira huo mnaweza kuujaribu leo, ninao mfukoni, lakini tusubiri sahani ziondolewe.

Na kwa kuwa wawili wanatumia sakafu moja, sheria inadai upishe. Ukimzuia mwenzako njia ya kuufikia mpira, mwamuzi anaweza kuamuru pointi irudiwe, au akampa mwenzako. Unashindana na mtu, na papo hapo unalazimika kumpisha. Sisi tunaoishi katika nchi ya watu tunaijua hali hiyo.

Sasa tuje kwenye Uhuru. Mchezo huu ulizaliwa katika shule ya Harrow, hapa London, katika karne ya 19, na ukasambazwa na maofisa wa Kiingereza kila walikojenga klabu zao. Ndivyo ulivyofika Afrika Mashariki, na mpaka leo Gymkhana ya Dar es Salaam ina viwanja vyake. Wazee waliopo hapa wanakumbuka klabu za enzi za ukoloni zilivyokuwa. Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei.

Hali ilikuwa hivyo hivyo Peshawar, mji ambao leo uko Pakistan. Huko alikuwapo kijana anayeitwa Hashim Khan. Baba yake alikuwa msimamizi wa wahudumu katika klabu ya maofisa, akafariki mwanawe angali mdogo. Hashim akawa mwokota mipira. Maofisa walipokwenda kupumzika kwa sababu ya jua kali, yeye aliingia uwanjani peku na kucheza, mara nyingi peke yake. Pakistan ikapata uhuru mwaka 1947. Miaka minne baadaye, 1951, Hashim akaletwa hapa Uingereza kucheza British Open, mashindano yaliyokuwa makubwa kuliko yote wakati ule. Alikuwa na umri wa takriban miaka 37, umri ambao wachezaji wengi wameshastaafu. Kwenye fainali alimfunga Mmisri Mahmoud Karim, bingwa wa miaka minne mfululizo. Mtoto wa mhudumu akaondoka na kombe, na baada ya hapo alilichukua tena mara sita.

Lakini kilichonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Hashim alirudi nyumbani akawafundisha ndugu zake. Mdogo wake Azam akawa bingwa. Jamaa yao Roshan Khan akawa bingwa mwaka 1957. Roshan akamlea mwanawe Jahangir, aliyezaliwa na ngiri, ambaye madaktari walimkataza michezo mizito. Kaka yake Jahangir, Torsam, naye alikuwa mchezaji na alimwongoza mdogo wake, mpaka Torsam alipoanguka uwanjani Australia mwaka 1979 na kufariki. Jahangir nusura aache mchezo. Binamu yake, Rehmat, akamchukua, akamfundisha hapa London, na mwaka 1981 Jahangir akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Kisha akaichukua British Open mara 10 mfululizo. Angalieni mnyororo huo: baba, kaka, binamu. Kila pete ya mnyororo ni mtu mzima aliyetoa muda wake.

Mwaka 1980 yalianzishwa mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 19, na mwaka uliofuata wasichana wakapata yao. Mwaka 1986 Mpakistani mwingine, Jansher Khan, ambaye naye alikuwa na kaka wachezaji, akachukua taji hilo la vijana. Mwaka mmoja baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa wakubwa, na fainali hiyo ilichezwa Birmingham. Wakati ule watu waliamini kwamba skwoshi iko katika damu ya watu wa Peshawar.

Sasa sikilizeni hesabu. Baada ya Jansher mwaka 1986, Mpakistani mwingine kuwa bingwa wa dunia wa vijana alipatikana lini? Mwaka 2023, kijana Hamza Khan, aliposhinda Melbourne. Miaka 37! Damu ilikuwa ile ile, na jina la Khan halikupotea. Kuta hazikuhama. Kama damu ingetosha, pasingekuwa na pengo la miaka 37.

Wakati huo, kombe lilihamia wapi? Lilihamia Misri. Mwaka 1994 kijana wa Kimisri, Ahmed Barada, alishinda taji la dunia la vijana. Miaka miwili baadaye, Misri ilijenga uwanja wa vioo mbele ya mapiramidi ya Giza, Barada akacheza pale na kufika fainali dhidi ya Jansher. Alishindwa. Lakini watoto wa Misri walimwona kijana wa kwao, kwenye ardhi yao, akipambana na bingwa wa dunia. Na katika klabu za Cairo na Alexandria, kama Gezira na Heliopolis, bingwa na mtoto wa miaka kumi wanaingia mlango mmoja. Mtoto anamaliza zoezi lake, anakaa nyuma ya kioo, anamtazama mkubwa. Mkubwa akipata nafasi anampigia mipira mdogo.

Matokeo yake? Kuanzia mwaka 2003 hadi 2025, taji la dunia la wasichana limeikwepa Misri mara moja tu. Raneem El Weleily alilichukua mara mbili. Nour El Sherbini wa Alexandria alilichukua Chennai mwaka 2009 akiwa na miaka 13. Watoto, miaka kumi na mitatu, akiwafunga wasichana wa miaka kumi na minane! Nouran Gohar akalichukua mara mbili, Rowan Elaraby mara mbili. Na Amina Orfi akalichukua mara nne mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025.

Hapa niwaombe wazazi tutulie kidogo, maana najua kuna baba ameshaanza kupiga hesabu mwanawe atakuwa bingwa mwaka gani. Nour alishinda akiwa na miaka 13, ni kweli. Mwaka 2010 hakushinda. Mwaka 2011 hakushinda. Alirudi akashinda 2012 na 2013. Hakuna aliyemfukuza katika miaka ile miwili. Mwaka 2016 akawa bingwa wa dunia wa wakubwa, na kufikia 2025 alikuwa na mataji 8 ya dunia, sawa na yule mama wa mchezo huu, Nicol David wa Malaysia. Upande mwingine yuko Ali Farag, ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana hata mara moja. Alikwenda Harvard, akamaliza shahada ya uhandisi mwaka 2014, ndipo akageukia skwoshi kikamilifu. Akawa bingwa wa dunia mara nne. Kwa hiyo mzazi anayesema "chagua, shule au michezo" amepewa jibu na Ali Farag. Na mzazi anayemfokea mtoto wa miaka 12 kwa kufungwa amepewa jibu na Nour.

Nilisema taji la wasichana liliikwepa Misri mara moja. Ilikuwa mwaka 2010, Ujerumani, na aliyelichukua ni Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, Amanda Sobhy. Amanda amezaliwa Marekani. Baba yake ni Mmisri aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Misri kabla ya kuhamia kule. Kwa hiyo hata mara ile moja, kombe lilikwenda kwa binti wa Mmisri aliyebeba maarifa yake kwenye begi akavuka nayo bahari. Baba huyo alikuwa mhamiaji kama sisi. Alikuwa na shughuli zake kama sisi. Na hakuyaacha aliyoyajua yabaki kuwa hadithi za mezani. Aliingia uwanjani na mabinti zake. Mdogo wake Amanda, Sabrina, naye ni mchezaji wa kimataifa. Amanda baadaye alikatika mshipa wa kisigino, akapona, akakatika wa mguu wa pili, akapona tena, akarudi kucheza.

Hii inanileta kwenye jambo linalotugombanisha majumbani mwetu: bendera. Mtoto amezaliwa Leicester au Reading. Siku ya mechi ya Uingereza anavaa jezi nyeupe, na babu anaguna: mkataa kwao ni mtumwa. Nimelisikia neno hilo likirushwa kwa watoto wa miaka tisa. Naomba tumtazame Mohamed ElShorbagy. Aliondoka Alexandria akiwa na miaka 15, akaja kusoma Millfield, kule Somerset, ambako alifundishwa na Jonah Barrington, bingwa wa zamani wa British Open. Akiwa mwanafunzi hapa Uingereza alichukua taji la dunia la vijana mara mbili, 2008 na 2009, kwa jina la Misri. Mdogo wake Marwan akamfuata, naye akachukua mara mbili, 2011 na 2012. Mwaka 2017, Manchester, ndugu hao wawili walikutana kwenye fainali ya dunia ya wakubwa. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Walikwenda mpaka seti ya tano, Mohamed akashinda. Na tangu utotoni aliyewasimamia wote wawili ni mama yao, Bi Basma.

Mwaka 2022 Mohamed akatangaza kwamba kuanzia sasa ataiwakilisha Uingereza, na baadaye Marwan akafanya vivyo hivyo. Mjadala ulikuwa mkubwa. Siwaombi mkubali wala mkatae uamuzi wao. Ninachowaomba ni kutazama mpangilio wa mambo. Kwa Mohamed, bendera ya pili haikuja ghafla. Ilikuja baada ya miaka kumi na sita ya kuishi, kusoma na kufundishwa hapa. Mtoto huiegemea nchi ambayo watu wake wamekaa naye. Kama tunataka bendera ya kijani, nyeusi, buluu na manjano iwe na nafasi moyoni mwa watoto wetu, basi tusimdai mtoto mapenzi kwa nchi tuliyompa picha zake tu. Tumkalie benchi kwanza. Anayejua kwamba kwenye kila mechi yake kuna mjomba na shangazi wanaompigia makofi kwa Kiswahili, huyo hatakikataa kwao, hata akivaa jezi gani.

Na hapa, ndugu zangu, sizungumzi tena skwoshi peke yake. Kiswahili nacho ndivyo kilivyo. Tunasema watoto wetu ni Waswahili kwa damu, halafu tunashangaa mtoto anamjibu bibi yake kwa kichwa na mabega. Damu haisemi. Kwa Wapakistani mnyororo wa taji lile ulikatika kwa miaka 37, na wao walikuwa nyumbani kwao. Sisi tuko ugenini, wetu utakatika kwa kizazi kimoja.

Sasa mtaniuliza, sisi ambao hatuna hata bingwa mmoja wa skwoshi tutaanzia wapi? Mwaka 2014 mashindano ya dunia ya vijana yalifanyika Windhoek, Namibia, katika bara letu. Aliyeshinda upande wa wavulana hakuwa Mmisri wala Mpakistani. Alikuwa Diego Elias kutoka Peru, nchi ambayo haikuwa na jina katika mchezo huu. Akashinda tena mwaka uliofuata, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia wa wakubwa, Cairo, mbele ya Wamisri wenyewe. Kila mnyororo una pete ya kwanza. Peru wameipata yao.

Nimalizie kwa mapendekezo matatu, ambayo nimeyawasilisha pia kwa kamati kwa maandishi.

La kwanza: mwanzoni mwa Januari, shule zikiwa bado zimefungwa au wikiendi ile ile, tukodishe basi dogo tuwapeleke watoto kutazama mashindano ya vijana. Akina mama wamesema chakula watapika. Mtoto akimwona mwenzake wa miaka 12 akikimbia vile, hatuhitaji hotuba nyingine.

La pili: saa moja kila Jumamosi kwenye kituo cha michezo cha mtaani. Vituo vingi vina viwanja vya skwoshi ambavyo saa nyingi viko vitupu, na raketi huazimishwa. Tuanze na mipira ya wanaojifunza, ile mikubwa kidogo yenye kudunda zaidi. Asiyependa skwoshi acheze mpira wa meza au netiboli, si neno. Masharti yangu ni mawili: mzazi haruhusiwi kumshusha mtoto mlangoni na kuondoka, na ndani ya saa hiyo pointi zinahesabiwa kwa Kiswahili. Mtoto atakayefika kumi na moja bila kusaidiwa ameshapata ushindi wa kwanza.

La tatu ni kwa vijana wetu wa miaka 16 hadi 20, mliokaa kule nyuma mkidhani hamuonekani. Ninyi ndio Torsam na Rehmat wa jumuiya hii. Wadogo zenu hawanitazami mimi, mvi zimeshanitoka. Wanawatazama ninyi. Tunahitaji wawili kwa kila Jumamosi, kwa zamu. Karatasi ya majina iko karibu na mlango, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili isipotee.

Wazee wetu walipopandisha bendera ya Uhuru mwaka 1961, hawakutuachia kazi ya kuisifu tu. Walituachia kazi ya kuikabidhi. Mpira wa baridi haudundi. Unahitaji mikono iupige mpaka upate moto. Watoto wetu wako tayari. Tuingie nao uwanjani.

Nawatakieni nyote sikukuu njema ya Uhuru. Mungu ibariki Afrika, Mungu ibariki Tanzania, na Mungu awabariki watoto wetu popote walipo.